Uwanda wa Kano: mafuriko matatu katika nchi moja

Mwezi wa Mei, mtu anayepita Ahero kwa barabara ya Nairobi huweza kuona mashamba yamegeuka vidimbwi, ng'ombe wamepandishwa juu ya tuta la barabara kwa sababu malisho yao yamezama, na akina mama wakivuka kwa miguu huku viatu vyao viko mikononi. Akirudi Januari, anakuta ardhi ile ile imepasuka nyufa za kumeza fimbo, mahindi yamejikunja majani kabla ya saa nne asubuhi, na punda wanakokota mikokoteni yenye mitungi ya maji ya kunywa. Wanaosimulia habari za Uwanda wa Kano, ulio mashariki ya jiji la Kisumu, kwa kawaida huchagua moja kati ya picha hizo mbili. Wako wanaousifu kwa rutuba, wako wanaoulilia kwa mafuriko, na kila masika neno "mafuriko" hurudiwa kana kwamba ni jambo moja lenye chanzo kimoja na dawa moja. Hoja ya makala haya ni kwamba Kano hufurika kwa njia tatu zisizofanana, na kwamba mtu asiyeelewa umbo la nchi hii hawezi kuzitenganisha, wala hawezi kueleza kwa nini mahali penye maji mengi kiasi hicho huwa na kiu miezi michache baadaye.

Njia nyepesi ya kulielewa umbo hilo ni kuifuata reli ya zamani kutoka Nakuru. Wahandisi wa Reli ya Uganda, waliofika ziwani Desemba 1901 na kuiita bandari yao Port Florence, waliuvuka mwinuko wa Mau mahali palipo na zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha wakaiteremsha reli kupitia Londiani, Lumbwa ambayo leo ni Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Miwani na Kibos hadi Kisumu, ambako ziwa limetulia kwenye mita zipatazo 1,135. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuchimbwa na ardhi yenyewe. Lile Bonde la Ufa tunalolijua, linalokwenda kaskazini na kusini kupitia Nakuru, lina tawi linalochepuka na kuelekea magharibi, nalo wanajiolojia huliita Ufa wa Kavirondo au Ufa wa Nyanza. Katika tawi hilo kipande cha nchi kilididimia kati ya kuta mbili. Ukuta wa kaskazini ndio ule unaoonekana vizuri kutoka Kibos na Miwani, mwinuko wa Nandi, ambao katika sehemu nyingi hupanda kwa zaidi ya mita 500 juu ya mashamba ya miwa yaliyo chini yake, na ambao huendelea nyuma ya jiji la Kisumu kwa jina la vilima vya Riat. Upande wa kusini kuna uwanda wa juu wa Nyabondo na miteremko ya Kericho. Sehemu ya magharibi ya shimo hilo imejaa maji, nayo ndiyo Ghuba ya Winam. Sehemu ya mashariki imejaa udongo, nayo ndiyo Kano. Kwa hiyo Kano na ghuba si vitu viwili vilivyopakana tu: Kano ni ghuba iliyokwisha kujazwa, na kazi hiyo ya kujaza bado inaendelea.

Udongo wa kujazia umetoka juu. Kwenye kichwa cha ufa huu umesimama Tinderet, mabaki ya volkeno kubwa iliyokuwa hai mamilioni ya miaka iliyopita na kumwaga lava na majivu juu ya nchi yote ya jirani. Majivu hayo ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya kale huko Koru na Songhor, ambako katika miaka ya 1920 na baadaye yalipatikana mabaki ya Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi karibu miaka milioni 20 iliyopita, jamaa ya yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata kisiwani Rusinga mwaka wa 1948. Miamba ya chokaa inayochimbwa Koru nayo ni zao la moto huo huo. Mvua inapozipiga lava na majivu ya aina hii kwa muda mrefu, miamba huoza ikawa udongo wenye kalisi na magnesi kwa wingi, na mito huubeba udongo huo kuteremka.

Mito yenyewe ni mingi kuliko jina moja la Nyando linavyodokeza. Nyando ndio mkubwa, ukikusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 3,500, kuanzia misitu ya Mau ya magharibi na Londiani hadi miteremko ya Tinderet na Nandi. Kaskazini kuna Kibos, ambao karibu na jiji watu huuita Nyamasaria kwa jina la mtaa unaoupitia, na kuna Oroba na Ombeyi. Kusini kuna Awach pamoja na vijito vya Nyakach, na kwenye pembe ya kusini-magharibi Sondu-Miriu hushuka kwa kishindo kutoka nchi ya juu, mteremko unaotumiwa kuzalisha umeme, kabla ya kuingia ziwani. Yote hutoka mahali penye mteremko mkali na kufika ghafla mahali pasipo na mteremko. Mto ukipoteza mteremko hupoteza nguvu, na ukipoteza nguvu hutua mzigo wake kwa utaratibu: mawe na kokoto kwanza, kisha mchanga, kisha vumbi laini, na mwisho kabisa ule udongo mwembamba wa mfinyanzi ambao huelea siku nyingi kabla ya kukubali kukaa chini. Ndiyo sababu mtu anayetoka Muhoroni kwenda Nyang'ande hukanyaga, kwa jumla, udongo unaozidi kuwa laini na mzito kadiri anavyolikaribia ziwa.

Miwa ilipata makao kwenye sehemu ya juu ya mfuatano huo, ambako maji huweza kuondoka. Kiwanda cha Miwani kilianzishwa mwaka wa 1922, na vile vya Chemelil na Muhoroni vikafuata katika miaka ya 1960. (Jina Miwani, kwa msomaji anayedhani ni la vifaa vya macho, husomeka kwa sarufi ya kawaida kuwa mahali penye miwa.) Mpunga ulipata makao chini, Ahero na kuelekea ziwani, kwenye udongo usiotaka kuachia maji. Ramani ya mazao ya Kano, ukiitazama kwa makini, ni ramani ya ukubwa wa chembe za udongo.

Udongo huo wa chini unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya maelezo yote. Ni mweusi, na ukiushika ukiwa na unyevu kidogo unafinyangika kama unga wa ugali uliopoa. Chembe zake ni za aina ya mfinyanzi inayovuta maji ndani ya tabaka zake na kuvimba, kisha kuyatoa na kusinyaa. Wakati wa kiangazi nimewahi kuingiza kijiti cha mtama katika ufa mmoja pembeni ya shamba la Rabuor nikakiona kinapotelea ndani hadi vidole vyangu vikagusa ardhi, na bado hakikufika chini. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya udongo wa namna hii, maji hukimbilia nyufani kwa kasi ya ajabu, mtu akadhani shamba lina kiu isiyoisha. Baada ya siku chache udongo huvimba, nyufa hujifunga, na ardhi iliyokuwa kichujio hugeuka sahani. Kuanzia hapo karibu kila tone linalofuata hubaki juu. Wajenzi wa Kano wanaijua tabia hii kwa hasara: nyumba iliyojengwa kwa msingi mfupi hupasuka kuta kwa sababu ardhi iliyo chini yake hupanda na kushuka kila mwaka, na barabara za lami huota mawimbi.

Mkulima naye ana dirisha finyu. Kabla ya mvua udongo ni mgumu kiasi kwamba plau ya ng'ombe hung'oa mabonge makubwa kama mawe ya jiko, na baada ya mvua kushika hunasa jembe na miguu kwa pamoja. Siku za katikati, ambazo ndizo za kulima, ni chache. Kwa sababu hiyo naona sifa ya "rutuba" ya Kano imetolewa kwa ukarimu kupita kiasi. Udongo huu una madini mengi ya volkeno, ni kweli, lakini mara nyingi hupungukiwa na naitrojeni na fosforasi inayoweza kutumiwa na mimea, na hata maji ulio nayo huyashika kwa nguvu kubwa mno. Mmea huweza kunyauka ukiwa umesimama katika udongo ambao mkononi bado unahisi unyevu. Hapo ndipo lilipo jibu la kitendawili cha kiu: baada ya mafuriko kuondoka, sehemu kubwa ya maji yaliyobaki imefungwa ndani ya mfinyanzi, mahali ambapo mizizi haiwezi kuyavuta.

Mvua yenyewe huzidisha tofauti hiyo. Mchana, nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka ziwani ukipita juu ya Kano kuelekea milimani. Upepo huo hubeba unyevu, lakini unyevu haugeuki mvua kubwa mpaka upandishwe, na wa kuupandisha ni kuta za Nandi na Kericho. Hivyo alasiri mawingu mazito hujikusanya huko juu, na Kericho imekuwa maarufu duniani kwa wingi wa siku zake za mvua ya mawe. Kisumu hupata karibu milimita 1,300 kwa mwaka, wakati sehemu za mwinuko wa chai hupata mamia ya milimita zaidi, na katikati ya uwanda, Ahero na kandokando yake, mara nyingi huambulia pungufu ya pande zote mbili. Juu ya hayo kuna jua. Katika miezi mingi uwezo wa jua na upepo kuyapandisha maji kwa mvuke huzidi mvua inayonyesha. Basi uwanda huu huishi kwa maji ya watu wa juu kuliko kwa mvua yake wenyewe.

Sasa tunaweza kuyatenganisha mafuriko.

Ya mto ndiyo yanayopigwa picha. Mvua hunyesha Nandi na Londiani alasiri, maji hukusanyika katika vijito vya milimani, na wimbi lake hufika Ahero saa kadhaa baadaye, mara nyingi watu wakiwa wamelala, huku huenda kijijini hakujadondoka hata tone. Ukisimama darajani wakati mto unapanda, unalitambua hilo kwanza kwa rangi kabla ya kimo: maji huwa mekundu ya kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea, na juu yake huelea mabua ya mahindi, vigogo vya migomba na wakati mwingine mti mzima wenye mizizi, vitu ambavyo havikumea Kano. Kinachofuata hutegemea jambo ambalo jicho halilioni kwa urahisi. Kila mara mto unapopita kingo zake, maji yanayomwagika hupunguza kasi papo hapo na kutua mchanga wake karibu, kisha yale yanayosafiri mbali hubaki na mfinyanzi tu. Kwa karne nyingi mto umejijengea matuta pande zote mbili, na kitanda chake kimepanda pamoja nayo, hata leo katika sehemu za chini Nyando haupiti katika bonde bali juu ya mgongo wa udongo ulioulimbikiza wenyewe. Ukiondoka kwenye ukingo wake kuelekea mashambani, unashuka. Ndiyo maana maji yakishavunja tuta hayana njia ya kurudi mtoni. Hutafuta mapito ya zamani, yale mabonde hafifu ambayo mto uliyaacha ulipohama, na mtu aliyejenga ndani ya pito kama hilo, kwa kuwa halikuwa na maji tangu azaliwe, hushangaa kuona mto umeukumbuka mlango wake.

Mafuriko haya yana upande wake mwema, kwani karibu na kingo huacha tabaka jipya la vumbi laini, jepesi kulima, ambalo ndilo linalozaa mboga na mahindi bora kuliko udongo mweusi wa mbali. Yana pia upande mbaya ambao umeongezeka katika vizazi vya karibuni. Misitu ya juu ilipofyekwa na miteremko ikalimwa, maji yalianza kufika kwa haraka zaidi na kwa mzigo mkubwa zaidi wa udongo. Nyakach ya chini inaonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kugeuka: huko Katuk Odeyo makorongo yameitafuna ardhi hadi mashamba na njia zikakatika vipande, na udongo uliong'olewa huko huishia ghubani, ukaifanya ghuba isiyo na kina kirefu izidi kupungua kina.

Mafuriko ya pili hayana mto. Ni ya mvua iliyonyesha hapo hapo, juu ya ile sahani ya mfinyanzi iliyokwisha kujifunga, kwenye nchi tambarare kiasi kwamba maji hayajui upande wa kwenda. Hayaui watu wala hayabebi nyumba. Huoza mizizi, hujaza vyoo vya shimo, na kukaa wiki kadhaa yakizaa mbu. Naamini yamezidishwa na kazi za binadamu kuliko inavyokubaliwa, kwa kuwa kila barabara iliyoinuliwa Kano ni bwawa dogo, na pale ambapo kalvati ni chache au zimeziba, upande mmoja wa lami hulima na upande wa pili huogelea. Maji haya mtu huyatambua kwa kuwa hayana rangi ya mto. Ni meusi, yametulia, na nyasi huonekana ndani yake.

Ya tatu ni ya ziwa, nayo ndiyo yanayoeleweka vibaya kuliko yote. Nam Lolwe, kama wenyeji wanavyoliita Ziwa Victoria, hupata zaidi ya robo tatu ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya uso wake, mito yote ikichangia sehemu iliyobaki, na hupoteza sehemu kubwa zaidi kwa mvuke. Lango la kutokea ni moja tu, Jinja, ambako mto Nile huanza safari yake. Chombo kikubwa namna hiyo, chenye karibu kilomita za mraba 68,800 na mlango mmoja, kikipokea miaka miwili ya mvua nyingi hupanda polepole na hushuka polepole zaidi. Mvua za mwaka wa 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, nalo halikurudi kwenye kimo cha zamani kwa miaka mingi. Mei 2020 rekodi hiyo ilifikiwa na kupitwa kidogo, na masika ya 2024 yakaivunja tena. Kwenye fuo nyingi husikika lawama kwamba Uganda imefunga maji kwenye bwawa lililojengwa Jinja mwaka wa 1954. Uendeshaji wa bwawa hilo una athari yake, lakini vipindi vyote vikubwa vya kupanda kwa ziwa vimekwenda sambamba na mvua nyingi katika eneo zima, na lawama hiyo huficha jambo lililo wazi: umbo la mwambao wenyewe.

Mita moja ya maji kwenye mwambao wa mawe ni hatua chache kutoka ufukweni. Kwenye mwambao wa Kano, ambako ardhi hupanda kwa shida, mita hiyo hiyo huingia mashambani kwa masafa marefu, ikazamisha mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, ikafika shuleni na makaburini, na ikakaa. Tena hutenda kosa la pili lisiloonekana: huuzuia mto. Nyando ukikuta ziwa limepanda hupunguza mwendo hata kabla ya kufika, hutua udongo wake ndani ya kitanda chake, na kumwaga kingo mahali ambapo maji ya kiasi kile yangepita salama miaka mitano nyuma. Hivyo mafuriko ya tatu huyazaa ya kwanza. Kinamasi cha mafunjo kilichokuwa kikipokea mzigo huu wote, kikichuja udongo na kuwapa makao samaki kama kamongo, pamoja na mumi na ningu waliokuwa wakipanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, kimepunguzwa kutoka pande mbili, na maji yanayopanda upande mmoja na majembe yanayoshuka upande mwingine kila ziwa linaporudi nyuma.

Miradi ya umwagiliaji ya uwanda huu inasimulia habari hiyo hiyo kwa lugha ya mashine. Mradi wa Ahero ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na ule wa Kano Magharibi katikati ya miaka ya 1970. Ahero huyapata maji yake kwa kuyavuta kutoka Nyando kwa pampu, kwa sababu wakati wa kiangazi mto hushuka chini kabisa ndani ya kingo zake huku majaruba yakibaki juu. Kano Magharibi hali ni ya ajabu zaidi, kwani maji huvutwa kutoka ziwani kwa pampu kuingia mashambani, na yakishatumika huhitaji pampu nyingine kutolewa, mashamba yakiwa karibu sawa na ziwa kiasi kwamba hayawezi kujikausha yenyewe. Mkulima wa hapo hulipia umeme mara mbili kwa maji yale yale. Miradi yote miwili ilisimama kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, gharama za pampu zikiwa miongoni mwa sababu, kabla ya kufufuliwa katikati ya mwongo uliofuata. Ni mashamba machache duniani ambayo huweza kuzama na kukosa maji kwa sababu ya mita zile zile chache.

Mtu akishayatenganisha mafuriko, hupima tofauti zile dawa zinazopendekezwa. Tuta la udongo kando ya Nyando huzuia mafuriko ya mto pale lilipo, lakini huubana mto ukatue udongo wake katikati ya matuta na kuinua kitanda zaidi, nao huhamishia maji mahali tuta linapoishia. Dhidi ya mvua ya hapo hapo tuta hilo ni adui, kwa sababu huyafungia maji ndani yasifike mtoni. Bwawa la Koru-Soin, juu ya uwanda, linaweza kupunguza kimo cha wimbi la Nyando na kushika sehemu ya udongo wake, jambo kubwa kwa Ahero na vijiji vya chini yake. Halitagusa Kibos wala Awach, na halina la kufanya juu ya ziwa. Mifereji mipana na kalvati zinazofukuliwa kila mwaka kabla ya Machi, kazi isiyo na sherehe ya uzinduzi, ndiyo dawa ya mafuriko ya pili peke yake. Kwa yale ya tatu hakuna ukuta wa kujenga katika mwambao wa namna hii. Kuna kujua tu mstari ambao ziwa lilifika mwaka wa 1964, 2020 na 2024, mstari ambao katika Kadibo, kwenye mwambao wa Kano, bado husomeka bila chombo chochote: ni pale miembe na mikaratusi iliyokufa ikiwa imesimama inapokoma, na ile yenye majani mabichi inapoanza.